Sauti ya Mfiwa na Mizani ya Pointi: Uhakiki wa Assassin's Creed Origins

Makala haya yanahusu mchezo wa video, na yafaa jambo hilo lisemwe mapema ili msomaji wa jarida la fasihi asije akadhani amepotea njia. Sina nia ya kurudia hapa ule mjadala wa iwapo michezo ya namna hii ni fasihi au si fasihi. Wahakiki wetu walishakubali zamani kwamba ngano haiishi katika maneno pekee, bali pia katika mkono, sauti na uso wa mtambaji, na katika itikio la hadhira. Aliyekubali hayo hana sababu ya kuukataa utanzu ambamo msimulizi, mwigizaji na hadhira wamechanganyika hata ikawa shida kuwatenganisha. La kujiuliza ni kama kazi yenyewe ina jambo la kusema, na kama fani yake inalisaidia jambo hilo au inalipinga.

Kazi ninayoikusudia ni Assassin's Creed Origins, iliyotolewa na kampuni ya Ubisoft mnamo Oktoba 2017. Mfululizo wenyewe ulianza mwaka 2007, na mwandishi wa makala haya ameufuata tangu hapo. Katika toleo la kwanza mhusika mkuu ni Altaïr, muuaji wa siri katika Nchi Takatifu wakati wa Vita vya Msalaba, mwaka 1191. Baada yake akaja Ezio wa Italia, aliyebeba matoleo matatu kati ya 2009 na 2011, kisha wengine wa Marekani, wa bahari ya Karibi, wa Paris na wa London. Kila mwaka toleo, na kila toleo likizidi kufanana na lililotangulia. Lile la mwaka 2014 lilitoka na kasoro nyingi za kiufundi hata likawa kichekesho, na mwaka 2016 ukapita bila toleo kuu lolote. Ukimya ulipovunjika, mfululizo ulikuwa umesukwa upya: mandhari ni Misri ya utawala wa akina Ptolemaio, karne ya kwanza kabla ya Kristo, mtindo wa mapigano ni mwingine, na mhusika mkuu ni Bayek wa Siwa, mlinzi wa umma wa cheo cha Medjay, aliyefiwa na mwanawe.

Mashabiki wa kale waligawanyika, na mgawanyiko huo hautakuwa mgeni kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili. Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, hoja ya wanaarudhi haikuwa tu kwamba mashairi yale ni mabaya. Hoja yao kuu ilikuwa kwamba si mashairi. Vina na mizani kwao havikuwa pambo la shairi. Vilikuwa ndiyo shairi lenyewe. Vivyo hivyo, shabiki aliyeuanza mfululizo huu na Altaïr alikuwa na arudhi zake. Jambia la siri lililofichwa mkononi huua kwa pigo moja. Umati wa watu ni maficho: muuaji huketi benchini kati ya wazee, au huandamana na watawa, akapotea machoni. Na anayekufa hupewa nafasi ya kuzungumza na aliyemuua, nje ya wakati na mahali, kabla ya kukata roho. Origins imeitunza hiyo ya tatu, imeitupa ya pili karibu yote, na ya kwanza imeivuruga.

Nianze na hilo jambia, kwa kuwa ndilo lililowauma wengi. Katika matoleo ya awali, mchezaji aliyekuwa na subira ya kumkaribia adui bila kuonekana alikuwa amekwisha kushinda. Pigo lenyewe lilikuwa nukta mwishoni mwa sentensi. Katika Origins kila mhusika ana ngazi yake ya nguvu. Mlinzi aliye ngazi kadhaa juu ya Bayek huwekewa alama ya fuvu jekundu, na ukimnyemelea ukamchoma shingoni hafi. Mstari wa uhai wake hupungua kidogo, naye hugeuka kupigana. Kuna waliosema kuwa hili ni suala la ladha tu. Sikubaliani nao. Jambia lililokuwa likiua kwa pigo moja lilibeba dhana nzima ya mfululizo: kwamba mnyonge mwenye maarifa aweza kumfikia mkubwa, na kwamba shingo ya mfalme na shingo ya askari ni nyama ile ile. Zikiingizwa ngazi, mkubwa anakuwa mkubwa hata mwilini. Itikadi ya kazi imegeuzwa chini juu na kanuni ya hesabu, tena pasipo mtu yeyote ndani ya hadithi kulisema hilo.

Hata hivyo, shabiki anayeishia kwenye jambia atakuwa ameikosa sehemu iliyo bora kabisa katika mfululizo mzima.

Origins ni ngano ya usuli. Kama vile ngano zetu zieleza kwa nini fisi hutembea akichechemea, mchezo huu waeleza yale ambayo matoleo yaliyotangulia yaliyachukua kuwa desturi. Altaïr alikatwa kidole cha pete ili jambia lipate pa kupita. Tuliambiwa ni kiapo, ni dalili ya utii. Hapa tunaona kwamba Bayek alikipoteza kidole hicho kwa ajali, alipokuwa akipambana na Eudoros katika nyumba ya kuogea huko Alexandria. Jeraha la mtu mmoja likaja kuwa ibada ya waliomfuata. Nembo ya udugu nayo imetokana na fuvu la tai lililoacha alama mchangani, siku mume na mke walipoagana. Katika hili wasanii wa Ubisoft wamefanya kazi kubwa kuliko walivyosifiwa. Hawakuutukuza udugu kwa kuupa chimbuko tukufu. Wameuonyesha kuwa kovu.

Na kovu lenyewe ni la nini? Katika hekalu la Siwa, watu waliovaa vinyago wamemkamata Bayek pamoja na mtoto wake Khemu, wakitaka mlango wa siri ufunguliwe. Katika purukushani Bayek anashika kisu na kumrukia mmoja wao. Adui anausukuma mkono ule, na kisu kinamwingia mtoto. Aliyemuua Khemu ni Flavius, na mchezo wote ni safari ya kumtafuta Flavius na wenzake. Lakini mkono uliokishika kisu ni wa baba.

Msomaji wetu hawezi kulitazama tukio hili bila kumkumbuka Liyongo. Katika Utendi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa asiyeingiliwa na silaha anauawa na mwanawe mwenyewe, kwa sindano ya shaba kitovuni, baada ya mfalme wa Pate kumhadaa kijana huyo kwa ahadi ambazo hakuzitimiza. Tofauti ya mwelekeo ni dhahiri: kule mwana amuua baba kwa kukusudia, huku baba amuua mwana bila kukusudia. Lililo muhimu kwa mhakiki, hata hivyo, ni kile kinachofanywa na kila kazi baada ya pigo. Liyongo anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta uta wake, na kufia hapo hapo. Watu hawathubutu kwenda kuteka maji kwa kudhani bado yu hai na ana hasira. Mama yake anakuja kumbembeleza kwa tungo, siku hata siku, mpaka mwili unapoanguka. Utendi umesimama. Mji mzima umesimama, una kiu, unangoja. Fani ya utendi yaweza kufanya hivyo kwa sababu mtunzi haogopi msikilizaji kukaa bila la kufanya.

Mchezo wa video una hofu hiyo, na hapa ndipo panapoanza mgogoro wa ndani wa Origins.

Kabla ya kuuingilia sina budi kusema juu ya sauti. Bayek ameigizwa na Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza mwenye asili ya Kenya, ambaye kazi hiyo ilimwingiza katika orodha ya walioteuliwa kugombea tuzo ya uigizaji ya BAFTA ya michezo ya video mwaka 2018. Sitaji asili yake ili tujipatie sifa ya jirani. Namtaja kwa sababu uigizaji wake ndio uliobadili maana ya mfululizo. Mashujaa waliotangulia walikuwa na kejeli nyingi; hata Ezio, aliyeshuhudia baba na ndugu zake wakinyongwa, alipona haraka akawa kijana mcheshi. Bayek wa Salim ana ucheshi pia, lakini ni ucheshi wa mtu anayewachekesha watoto wa wengine. Kila anapokutana na mtoto njiani sauti hushuka, huwa laini, kisha hukatika kidogo kabla ya neno la mwisho. Katika eneo la Faiyum kuna binti aitwaye Shadya, ambaye wazazi wake wanamsaidia Bayek. Baadaye anamkuta amezamishwa majini. Salim hapigi kelele nyingi hapo. Anazungumza na maiti kama mtu anayemwamsha mtoto ili aende shuleni.

Upo pia mkondo wa vituo kumi na viwili vya mawe, vilivyotawanyika jangwani na milimani, ambako Bayek hulala chali akatazama nyota na kuzipanga ziunde picha za nyota alizokuwa akimfundisha Khemu. Kila picha inapokamilika, twasikia kumbukumbu ya baba na mwana. Hakuna adui. Hakuna haraka. Haya ni maombolezo kwa maana kamili ya neno, na sijui toleo jingine la mfululizo huu lililowahi kuthubutu kutuomba tulale tutazame mbingu.

Lakini tazama kinachofuata. Kumbukumbu inapokwisha, kioo chatangaza kuwa kituo kimekamilishwa, na pointi za tajriba zaongezwa. Mfiwa amelipwa.

Sisi tunaoishi Kapkatet tunaujua mfumo huu bila ya kufundishwa. Mchuma chai hupeleka majani mabichi kwenye kituo cha kununulia, yanatundikwa kwenye mizani, kilo zinaandikwa, na mwisho wa mwezi kilo hizo zinageuka malipo. Mkulima mdogo hungoja na bonasi ya mwaka. Hakuna aibu yoyote katika utaratibu huo, kwa kuwa jani la chai ni kitu cha kupimwa. Lakini Bayek anapimiwa nini? Anapimiwa kila kitu kwa mizani moja: askari aliyemuua, pango alilolifungua, mkulima aliyemwokoa, na ule usiku alioukumbuka uso wa mwanawe. Vyote hutiwa katika kapu moja vikatoka ngazi. Na bila ngazi hizo hawezi kumkaribia muuaji anayefuata, kwa sababu ya lile fuvu jekundu. Kisasi chacheleweshwa, na sababu ya ucheleweshaji haitoki moyoni mwa mhusika wala katika hila za adui. Mhusika hajatimiza kilo zake.

Shklovsky alituonyesha kwamba ucheleweshaji ni uhai wa masimulizi, na shabiki wa Origins anaweza kumtumia kunijibu. Jibu langu ni kwamba kuna kuchelewa kunakozidisha maumivu na kuna kuchelewa kunakoyasahaulisha. Kwa saa nyingi mchezaji huwinda viboko na mamba apate ngozi za kuboreshea mavazi ya Bayek. Huingia makaburini. Aliyesoma Al-Inkishafi anajua magofu hufanya nini katika ushairi wetu: ukumbi ulio wazi, wadudu na ndege mahali walipokaa watukufu, na moyo wa mnenaji ukizidi kuwa mtupu kila anapopita chumba. Katika Origins kila chumba kinazidi kuujaza mkoba. Bayek mwenyewe hunena maneno ya heshima kwa marehemu anapoingia kaburini, kwa sauti ile ile nzuri ya Salim, huku vidole vya mchezaji vikipekua masanduku.

Itasemwa kuwa mchezaji si lazima apekue. Ni kweli kwa mchezaji mmoja mmoja, lakini si kweli kwa fani, ambayo imempa mlango mmoja tu wa kutokea.

Jambo moja kuhusu hadhira. Katika miji midogo ya eneo hili la chai, vijana wengi huicheza michezo ya video katika vibanda vya gemu, ambamo mteja hulipia mechi au muda. Kandanda ndiyo inayotawala, kwa kuwa mechi ina mwisho na malipo yana mpaka. Mchezo wa masimulizi marefu hauna nafasi nzuri hapo. Nimewahi kushuhudia Origins ikichezwa kwa vipande, huyu akiacha alipofika, mwingine akiendelea kesho yake pasipo kujali hadithi ilikotoka, na walioketi nyuma wakitoa maelekezo na mzaha kwa Kipsigis, Sheng na Kiswahili. Nilitazamia kuwa msiba wa Bayek ungepotea kabisa katika kelele zile. Haikuwa hivyo. Mahali pa mauti ya Khemu, ambapo mchezaji hana analoweza kutenda ila kutazama, kibanda kilinyamaza. Kelele zilirudi ziliporudi pointi: ongeza, uza, nunua upinde ule. Wale vijana hawakuhitaji nadharia yoyote ili waitambue mishono ya kazi hii. Waliisikia kwa masikio.

Huenda ushahidi mkubwa zaidi wa mgogoro huu umo katika Aya, mkewe Bayek. Yeye pia amefiwa na Khemu, lakini maombolezo yake yamekuwa siasa: anamtumikia Kleopatra akitarajia kuwa malkia atawapatia haki, hadi malkia huyo anapoungana na Kaisari na kuwakumbatia waliomdhulumu. Mchezo unampa Aya muda mdogo mno, na hilo ni kosa lisilotetewa kirahisi. Mama aliyefiwa amekuwa mgeni katika tanzia ya mwanawe. Lakini mwishoni ni yeye anayekwenda Roma, ni yeye anayemkabili Septimius, na ni yeye anayeingia katika baraza kumuua Kaisari. Na pale Roma mkoba uliojazwa na Bayek kwa makumi ya saa haumfuati. Ngozi, pinde, ngazi, vyote vimebaki Misri. Anaingia na jambia. Kwa dakika chache mfululizo unarudi kuwa kile ulichokuwa mwaka 2007: umati, mavazi meupe, hatua za polepole, pigo. Sijui kama wasanii walilikusudia hilo kuwa uhakiki wa kazi yao wenyewe. Lasomeka hivyo.

Yaliyofuata yaliipa mizani ushindi. Odyssey ya mwaka 2018, iliyowekwa Ugiriki, ilizidisha ngazi na kurefusha njia, na Ubisoft ikauza kwa pesa halisi nyongeza ya kudumu ya pointi kwa asiyetaka kungoja. Mtu auziwapo njia ya kuukwepa mchezo alioununua, hapana haja ya mhakiki kueleza zaidi. Valhalla ya mwaka 2020 iliingiza katika mipangilio yake chaguo la kulifanya jambia liue kwa pigo moja tena, yaani lalamiko la mashabiki wa kale lilipewa kitufe. Mirage ya mwaka 2023, iliyokusudiwa awali kuwa nyongeza ya Valhalla, iliondoa ngazi, ikarudisha umati wa Baghdad ya karne ya tisa na jambia lisilokosea. Wanaarudhi walifurahi, nami nilifurahi nao kwa muda. Lakini Basim, mhusika mkuu wake, hana saa hata moja iliyo sawa na zile za Bayek chini ya nyota. Shadows ya mwaka 2025 imerudisha ngazi.

Kwa hiyo swali la kama Origins ni Assassin's Creed ya kweli halinishughulishi tena. Kinachonishughulisha ni kwamba mfululizo uliopata sauti ya kulia haukujua uiweke wapi, na haujajua hadi leo. Aliyejua ni mwenye sauti. Mwaka 2024 Abubakar Salim, kupitia studio aliyoianzisha ya Surgent, alitoa Tales of Kenzera: Zau, mchezo ambao ameeleza hadharani kuwa umetokana na kufiwa na baba yake, aliyempandikizia mapenzi ya michezo hii. Ni kazi fupi. Kijana Zuberi amefiwa, naye anasoma kitabu alichoachiwa na baba yake. Ndani ya kitabu hicho mganga Zau anapatana na Kalunga, mungu wa mauti, amrudishie baba yake kwa kumletea roho tatu kuu. Hadithi ndani ya hadithi, na ile ya ndani imeandikwa na marehemu. Kuhesabu hakukuepukwa kabisa, maana Zau naye hujiongezea stadi kadiri anavyoshinda. Lakini kuna vituo ambapo mganga huketi chini, Kalunga huketi kando yake, wakazungumza juu ya aliyekufa, kisha wakainuka.

Mchezo huo waweza kusikilizwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa uzamili atakayeuchukua afanye hivyo, na aanzie kwenye vituo hivyo, ambapo hana budi kuiweka padi chini ili asikilize.